Maji Yasiyoguswa na Mkono

Mwaka niliorudi kutoka chuoni niliamini kwamba kila jambo la haki linaweza kuthibitishwa, mradi mtu awe na subira ya kuutafuta ushahidi wake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nchi yetu ilikuwa imepata uhuru juzijuzi, bendera mpya bado ilikuwa na mikunjo ya sanduku, na walimu walikuwa wachache kiasi kwamba shule ya wasichana ya masista Wakatoliki, mjini Mahajanga, ilikubali kuniajiri mimi, Mwanglikana, nifundishe hesabu na kusoma katika darasa la watoto wa miaka tisa na kumi. Sharti lilikuwa moja. Saa ya katekisimu ikifika, nikae nyuma ya darasa, nisahihishe madaftari, nisiseme neno.

Nilikaa nyuma, nikasahihisha, na nikasikiliza. Wala sikuona ugumu wowote, kwa kuwa mengi aliyoyafundisha sista wa katekisimu nilikuwa nimeyasoma katika chuo cha kanisa letu, bara, ng'ambo ya bahari. Huko ndiko nilikojifunza kuandika kwa lugha hii. Kwetu Nosy Be Kiswahili kimebaki katika maneno ya biashara, ya dua na ya vyombo vya baharini. Mazungumzo yote ninayoyasimulia hapa yalikuwa ya Kimalagasi cha pwani yetu, au ya Kifaransa pale alipokuwapo padri.

Katika darasa lile alikuwamo mtoto mwembamba mwenye kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Alikuwa Mwanglikana kama mimi, na alitoka upande wetu vilevile, katika kisiwa kidogo cha Nosy Sakatia. Mama yake alikuja Mahajanga kutafuta kazi, akawa mfuaji wa mashuka ya hospitali, akamleta mtoto kwa masista kwa sababu shule yao ilikuwa karibu na haikumdai ada. Watoto wenzake walimwita Mwingereza.

"Mwingereza, malkia wako hajambo?"

"Hajambo. Amesema umrudishie kalamu yake."

Alikuwa hivyo, mwepesi wa kujibu na mzito wa kulia. Wakati wa mapumziko masista waligawa vipande vya mkate, na yeye alikuwa na desturi ya kukimega kipande chake nusu kwa nusu, akala nusu moja, akatulia kidogo, kisha akala ya pili. "Mwingereza anakula mara mbili!" walimpigia kelele. Nilidhani ni mchezo tu, mpaka siku nilipomuuliza.

"Hii yangu," akasema, "na hii yake. Lakini yeye hawezi kula, basi namsaidia."

Alizaliwa pacha. Ndugu yake, mvulana, aliishi muda usiofika jioni moja. Wote wawili walizaliwa kabla ya wakati wao, na bibi yao aliwabatiza palepale nyumbani alipoona kwamba hawapumui sawasawa. Mmoja akafa. Mwingine ndiye huyu aliyesimama mbele yangu na nusu ya mkate mkononi, akinieleza mambo haya kama mtu anavyoeleza njia ya kwenda sokoni.

Muhula wa pili ulipoanza, darasa lilianza kuandaliwa kwa Komunyo ya kwanza. Nalazimika kueleza hapa tofauti iliyotutenga. Katika kanisa letu mtoto haendi kwenye meza ya Bwana mpaka askofu amwekee mikono, yaani apate kipaimara, na askofu wetu alikaa mbali, akafika Mahajanga mara moja katika miaka kadhaa, tena kwa ajili ya vijana waliokwisha kukua. Kwa Wakatoliki, mtoto akishaweza kupambanua jema na baya, anaungama na kuipokea Ekaristi. Askofu atakuja baadaye na mafuta yake. Kwa hiyo wenzake wote walikuwa wakipimwa magauni meupe, na yeye alikuwa na miaka minne au mitano ya kungoja mbele yake.

Hakuyajali magauni. Sista alikuwa amewafundisha kwamba pale altareni walio duniani na walio mbinguni hula kwenye meza moja. Siku hiyohiyo, darasa lilipotoka, alinijia.

"Mamzeli," ndivyo watoto walivyotuita walimu wa kike tusioolewa, "meza hiyo ina upande wa pili?"

"Nadhani inao."

"Basi yeye yuko upande wa pili. Amekaa peke yake tangu siku ile."

Baada ya hapo sikuweza tena kumwambia angoje askofu. Nilikwenda kwa mama yake, nikamkuta anaanika mashuka. Alinisikiliza, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni, kisha akavitoa akasema, "Mungu ni huyuhuyu. Akale na wenzake." Akawa amekubali mtoto wake apokelewe na Wakatoliki.

Padri wa parokia alikuwa Mfaransa mzee ambaye, baada ya misa, alitengeneza saa za mkono za waumini. Meza yake ilijaa magurudumu madogo kama mbegu za mchicha. Alifurahi kwa habari ya mtoto, akaniambia utaratibu: mtoto atabatizwa kwanza, kwa sharti. Yaani padri atamwagia maji akisema, "Kama hujabatizwa, nakubatiza." Ndivyo walivyofanya wakati ule kwa kila mtu aliyetoka kwetu.

"Ni dakika chache tu," akasema. "Haimuumizi mtu."

Mimi iliniumiza. Chuoni tulikuwa tumelijadili suala hili kwa moto wote wa ujana wetu, tukakubaliana kwamba ubatizo ni mmoja, na kwamba kanisa linalomwagia maji mtu aliyekwisha kubatizwa linamtukana Mungu pamoja na jirani yake. Nilimwambia hivyo, kwa maneno ya adabu lakini bila kutetemeka.

"Sisemi kwamba hakubatizwa," padri akajibu. "Nasema *kama*. Ni neno dogo, Mamzeli. Linamwachia kila mtu nafasi ya kupita."

"Ni neno la dharau, mompera," nikasema, kama tulivyowaita mapadri.

Alinitazama kupitia kioo chake cha kukuzia vitu, jicho moja likiwa kubwa kama la ng'ombe. Kisha akacheka, akakivua.

"Vizuri. Niletee karatasi ya kanisa lenu inayosema maji na maneno. Nikiiona, sitamgusa mtoto. Ataingia kwa ubatizo aliokuwa nao."

Nilitoka pale nikiwa mshindi. Hadi leo nakumbuka jinsi nilivyotembea njia yote kwa miguu, kwenye jua, nikiwapungia mkono wenye posiposi, vile vigari vinavyovutwa na mtu, waliotaka kunipakia.

Likizo ya Pasaka nilipanda meli ya pwani, nikarudi kwetu Nosy Be. Kanisa letu la mabati lilikuwa na daftari moja la ubatizo, kubwa, lililoliwa na mchwa pembeni. Katekista alilipekua taratibu mpaka akafika kwenye mstari wenye majina mawili, la mvulana na la msichana, na mbele yake maneno haya: wamebatizwa nyumbani na bibi yao katika hatari ya kufa, kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kando ya jina la mvulana palichorwa msalaba mdogo. Aliyeyaandika alikuwa katekista wa zamani, marehemu sasa. Wa sasa alininakilia, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kama ningalirudi Mahajanga siku ile, nisingalikuwa na la kuandika. Lakini mama wa mtoto alikuwa amenipa kitenge na sukari nimpelekee bibi huko Sakatia, na mimi mwenyewe nilitamani kumwona mwanamke aliyefanya tendo lile, maana nilimwona kama shujaa wa hoja yangu. Nilipata nafasi kwenye lori lililobeba magunia ya maua ya langilangi, likanishusha karibu na Ambatoloaka, na kutoka pale nikavushwa kwa ngalawa pamoja na mbuzi wawili.

Bibi alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita watu walio mbali. Kila mtu kisiwani alimwita Dady, yaani nyanya, na mimi nikamwita hivyo.

"Mtu mzima kama wewe, umetembea na huu mzigo peke yako? Hakuna mume wa kukubebea?"

"Bado, Dady."

"Huko bara ulikosoma wanaume walikwisha?"

Aliipokea sukari, akakinusa kitenge, akauliza habari za mjukuu. Nilimwambia kwamba atapokea Komunyo mwezi wa sita, na kwamba ubatizo aliompa yeye ndio utakaomwingiza. Uso wake ulibadilika kwa fahari. Hakungoja nimuulize.

"Mama yao alikuwa amezimia," akasema. "Nilikuwa peke yangu. Mtungini yalikuwamo maji, lakini ya kisima chetu, ya chumvichumvi, yana viluwiluwi. Nikasema, mtoto anakwenda kwa Mungu dakika hii, nimwoshe kwa maji ya viluwiluwi? Nikachukua dafu. Nikalikata. Maji ambayo mkono wa mtu haukuyagusa, wala mdudu, wala vumbi. Mungu mwenyewe ameyafunga. Nikammwagia mmoja kichwani, nikammwagia wa pili. Maneno niliyasema yote, kwa sauti, kama tulivyofundishwa."

Akayarudia maneno mbele yangu. Halikukosekana hata moja.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, na kwa mlango ulio wazi niliiona bahari, hatua thelathini kutoka pale. Kila chuo, chetu na chao, hufundisha kwamba ubatizo ni kwa maji halisi: ya mvua, ya mto, ya kisima hata yakiwa machafu, ya bahari. Haufanyiki kwa maziwa, wala kwa divai, wala kwa maji yaliyomo ndani ya tunda.

"Dady," nikasema polepole, "hukufikiri kuchota ya bahari?"

"Ya bahari!" Alinishangaa kweli. "Wanaume wote wa kijiji huenda pale kujisaidia kila alfajiri. Nimpe Mungu wajukuu wangu kwa maji yale?"

Hakuuliza kama alikosea. Swali hilo halikumpitia akilini. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mawe mawili na msalaba wa mti uliopakwa rangi nyeupe, rangi mpya, na akaniambia kwamba huupaka kila mwaka kabla ya mvua. "Huyu hana dhambi hata moja," akasema. "Ametoka hapa safi kuliko askofu."

"Ulifanya vizuri, Dady," nikamwambia. Nilimaanisha, na nilijua wakati huohuo kwamba kumaanisha kwangu hakungeufanya ubatizo ule kuwa halali.

Kwenye meli ya kurudi nilikuwa na karatasi yenye muhuri inayosema *kwa maji*. Marehemu katekista, nadhani, aliandika kama alivyoandika kwa wote, bila kuuliza, au aliuliza akaona vema kutosikia. Sikuwa na sababu ya kusema zaidi ya karatasi. Padri hakutaka zaidi ya karatasi. Lakini nilikuwa nimeingia katika jambo hili kwa jina la ukweli. Nilimkaripia mzee wa watu kwa jina la ukweli. Na niliona kwamba nikinyamaza, mtoto atakwenda altareni juu ya neno ambalo mimi peke yangu najua kuwa si kweli. Niliogopa kwa ajili yake. Leo siwezi kuapa kwamba sikuogopa pia kwa ajili yangu.

Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mjane wa Kikomoro, mpole, mwenye ulimi. Nilimuuliza, kana kwamba nauliza habari za watu wengine, wao hufanyaje wanapokosa maji ya kutawadha. Alikuwa akipepeta mchele, hakusimamisha ungo.

"Tunatayamamu. Mchanga safi, basi, na swala inapita." Kisha akaniangalia. "Kwani ninyi Mungu wenu hana mchanga?"

Akacheka. Nikacheka naye, nikaingia chumbani, nikaketi kitandani na mfuko wangu mapajani.

Kesho yake nilimpelekea padri karatasi. Aliisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanyoosha mkono kuiweka ndani ya faili.

"Mompera, karatasi haisemi kweli."

Nilimweleza. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alisimama, akatoa kitabu kinene rafuni, akatafuta ukurasa, akausoma, akausoma tena, kama mtu anayetumaini kwamba herufi zitapangika upya.

"Maji ya tunda," akasema. "Wameyaweka pamoja na maziwa na divai."

"Najua."

"Sasa nami najua." Akafunga kitabu. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau, tena bila ukali, kwa uchovu tu: "Mamzeli, kwa nini hukuniachia *kama* yangu?"

Sikuelewa mara moja. Alinifafanulia, akizisogeza saa zake huku na huku. Angemmwagia mtoto maji na kusema "kama hujabatizwa", na chini ya neno lile dogo pangekaa watu wote: bibi, daftari letu, na yule mvulana wa Sakatia. Hakuna ambaye angelazimika kuamua. Sasa ataitamka ibada yote bila sharti, kwa kuwa hakuna tena shaka.

"Mtoto ataingia, hilo si tatizo," akasema. "Alhamisi kabla ya Jumapili ya Komunyo nitambatiza. Ila umwandae wewe. Anakuamini."

Akanirudishia karatasi, kwa kuwa haikumfaa tena.

Nilichelewa kumwambia mtoto mpaka Jumatatu ya juma lenyewe la Komunyo, baada ya masomo, alipokuwa akifuta ubao. Nilikuwa nimetayarisha maneno, nikaanza mbali, kwa wema wa bibi na usafi wa dafu. Aliendelea kufuta hata pale pasipokuwa na kitu.

"Kwa hiyo mimi si Mkristo."

"Utakuwa. Alhamisi."

"Na yeye?"

Chaki ilikuwa imemjaa mikononi hadi kwenye viwiko. Sista alikuwa amekwisha kuwafundisha kwamba watoto wachanga wanaokufa bila ubatizo hukaa mahali pao pa pembeni, bila maumivu, wala bila kuuona uso wa Mungu. Nilikuwapo siku ile, nyuma ya darasa, nasahihisha.

"Mungu hafungwi na maji," nikasema.

"Basi kwa nini mimi nafungwa?"

Nilikuwa na cheti cha daraja la kwanza katika mafundisho ya dini.

"Nikimwagiwa Alhamisi," akasema polepole, akiliweka jambo sawa kama hesabu ya ubao, "mimi nitakaa mezani. Na yeye ataondolewa."

"Haondolewi na wewe."

"Lakini nitakuwa nimekubali."

Katika kujaribu kumfariji nilifanya kosa la mwisho: nikamweleza habari ya *kama*. Nilitaka aone kwamba padri si mtu mgumu, kwamba kulikuwa na njia ya upole na mimi ndiye niliyeifunga. Alisikiliza hilo kuliko yote. Kisha akaniomba jambo moja tu, nisimwambie mama yake, wala Dady, kuhusu dafu. Nikaahidi.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa kasisi wa kanisa letu. Alikuwa Mmalagasi, mtu msomi, na niliamini kwamba kwetu patakuwa na mlango mwingine. Alinikaribisha chai. Akasema kwamba kitabu chetu cha ibada humwagiza kuuliza maswali yaleyale mawili, kwa kitu gani na kwa maneno gani. Na kama yeye ndiye angeletewa mtoto, naye angelazimika kummwagia maji upya. "Na ndugu yake?" nikauliza. Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Huyo tunamwachia Mungu," akasema. Niliondoka nikiwaza kwamba makanisa mawili yaliyoshindwa kukubaliana kuhusu askofu, kitubio na mkate, yamekubaliana neno kwa neno juu ya dafu.

Alhamisi ilifika. Tulikuwa watu wachache kwenye birika la ubatizo: padri na stola yake shingoni, mama wa mtoto aliyeomba ruhusa kazini, sista aliyekuwa mama wa ubatizo, na mimi karibu na nguzo. Chumvi iliwekwa kwenye kisahani, mshumaa uliwashwa. Padri akamuuliza mtoto swali la kwanza la ibada, ambalo jibu lake alikuwa amefundishwa na sista juma lile.

"Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

Alipaswa kujibu: imani. Alimtazama padri usoni.

"Naomba useme *kama*, mompera."

Sista alidhani amesahau, akamnong'oneza jibu. Mama yake akamgusa begani. Padri peke yake ndiye aliyeelewa, na mimi. Niliona kidole gumba chake kikisugua ukingo wa kitabu, mbele nyuma, mbele nyuma, na kwa dakika ile niliomba kwa nguvu zote nilizokuwa nazo kwamba mtu yule adanganye. Niliomba padri adanganye, ili mtoto apate nafasi ya kupita, na ndugu yake apite nyuma yake.

"Siwezi, mwanangu," akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa nzuri. "Sasa ninajua."

"Basi sitaki, mompera. Asante."

Alisema asante kama walivyofundishwa shuleni, mikono ikiwa nyuma. Mama yake alimvuta sikio hadi nje, akimuuliza ni shetani gani aliyemwingia mbele ya watu. Padri akaupuliza mshumaa.

Ningependa kuandika kwamba nilifanya jambo. Nilimwandikia bibi barua kumwambia asisafiri, kwa kuwa nilijua mama alikuwa amemwalika. Lakini barua na bibi walipishana baharini. Ijumaa alishuka bandarini na kikapu, na ndani ya kikapu soksi nyeupe, mpya, alizozinunua mjini Nosy Be. Mama wa mtoto aliona haya kumwambia kwamba binti amekataa. Akamwachia Jumapili imwambie.

Jumapili kanisa lilijaa. Wasichana walikaa mbele, shela nyeupe, kila mmoja na mshumaa. Sisi tulikaa benchi la katikati: mama mwishoni, kisha mtoto katika sare yake ya shule na zile soksi, kisha Dady, kisha mimi. Walipoanza kuitwa wawili wawili, Dady alinyoosha shingo. Alihesabu waliopita. Mstari ulipofika nusu aliniegemea.

"Wetu mbona haitwi?"

Mimi niliyekuwa nimekataa kunyamaza mbele ya padri, niliyekuwa nimebeba kweli kutoka Sakatia mpaka Mahajanga, sikusita hata kidogo.

"Karatasi yake haijafika, Dady. Meli imeichelewesha."

"Karatasi gani?"

"Ya ubatizo."

"Karatasi!" Watu wa benchi la mbele waligeuka. "Karatasi ya nini, na mimi niko hapa? Si mikono hii? Nitamwambia padri mwenyewe nilivyofanya, toka mwanzo hadi mwisho. Nipisheni."

Alikuwa amekwisha kusimama, kikapu mkononi, uso umejaa fahari ileile niliyoiona mlangoni kwake. Padri alikuwa hatua ishirini kutoka pale, na angelazimika kumjibu. Nilitaka kumshika nguo, mkono wangu haukuinuka. Mtoto ndiye aliyemshika. Alimkamata bibi yake kiganja kwa mikono yake miwili, akamvuta chini taratibu, kama anavyovutwa mtu aliyesimama kwenye ngalawa.

"Kaa, Dady. Mwakani."

"Kwa nini mwakani, na leo nimekuja?"

"Nimependa mwenyewe. Nitangoja kidogo. Kaa."

Dady akaketi. Alipumua kwa nguvu, akaipanga kanga yake magotini, akaniangalia kwa jicho la mtu anayemwamini mwenye elimu kwa kuwa hana wa kumwamini mwingine.

"Basi mwakani," akasema. "Lakini karatasi hiyo uisimamie wewe, Mamzeli. Wewe unajua mambo ya makaratasi. Usiwaache wakaipoteza."

"Nitaisimamia, Dady."

Ilikuwa ndani ya mfuko wangu, mapajani mwangu, na muhuri wake. Mtoto aliutazama mfuko, kisha akatazama mbele, ambako wenzake walikuwa wakirudi mmoja mmoja kutoka altareni, mikono imekunjwa, midomo imefungwa.